Kabla Hamjabomoa Ukuta, Someaneni SMS

Kwa miezi saba nyumba yetu hapa Mtwapa ilikuwa na tundu katikati. Halikuwa dirisha wala mlango. Lilikuwa tundu tu, kubwa la kupitisha kabati, kati ya jikoni na sebuleni. Nililifunika kwa leso mbili zilizoshonwa pamoja. Mgeni akija nilimkalisha kiti cha upande wa pili ili tundu liwe mgongoni mwake. Masika yalipoingia, upepo ukawa unazipeperusha leso zile mpaka mgeni anaziona sufuria zangu zote, na mimi nikiwa katikati yake.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulikuwa na ukuta mzima, tukautia ufa wenyewe, na tukalipia.

Naandika haya kwa sababu najua hatuko peke yetu. Tembea mtaa wowote utaona nyumba iliyokarabatiwa nusu: vigae vimefika mlangoni vikaishia hapo, rangi mpya ukuta mmoja, mchanga uliomwagwa nje mpaka umeota nyasi. Ukiuliza utaambiwa pesa ziliisha. Mimi nasema pesa hazikuisha. Hazikuwahi kuhesabiwa.

Maoni yangu ni haya: mke na mume wakibishana kuhusu mtindo wa nyumba, mara nyingi kinachobishaniwa ni pesa ambayo hakuna aliyeitaja. Na mtindo mzuri ni ule ambao nyinyi wawili mnaweza kuulipia mpaka siku fundi anapokusanya vyombo vyake na kwenda zake.

Picha mbili, kero mbili

Mimi nauza mahamri na viazi vya karai. Saa kumi alfajiri niko macho, na wateja wangu wengi hulipa kwa simu. Jiko letu lilikuwa dogo, lenye kidirisha cha kuchungulia tu. Picha niliyoipenda niliiona mtandaoni: jiko la wazi lililoungana na sebule, meza ndefu ya mawe katikati, taa tatu zinaning'inia, na mama aliyevaa nguo nyeupe anakata tufaha. Hana moshi, hana mafuta, hana unga hata kidoleni. Nikaihifadhi.

Mume wangu ni karani, analipwa mwisho wa mwezi. Picha yake ilikuwa ya sebule: dari ya jipsamu yenye ngazi ngazi, taa za buluu zilizojificha ndani, na ukuta wa TV uliobandikwa mbao za kupendeza. Naye akaihifadhi.

Tulioneshana picha hizo usiku mmoja. Kila mmoja akasema "nzuri." Hapo ndipo tulipokosea. "Nzuri" yake ilimaanisha nimeiona. "Nzuri" yangu ilimaanisha haya, ila tuanze na jikoni. Hakuna aliyeuliza bei, na hakuna aliyemwuliza mwenzake: unaitaka hii kwa nini?

Swali hilo tulikuja kuulizana baadaye sana, tundu likiwa tayari lipo. Majibu yalitushangaza wote. Kumbe mimi sikuwa nataka jiko la wazi. Nilitaka kupumua. Moshi wa mafuta ulikuwa unanikaa kifuani, na mgongo uliniuma kwa kukandia unga kwenye meza fupi. Jiko la wazi lingenisaidia nini? Lingeipeleka harufu ya karai hadi kwenye makochi, basi.

Mume wangu naye hakuwa na haja na jipsamu. Kero yake ilikuwa joto. Nyumba yetu ni ya mawe na mabati, dari hakuna, na ikifika saa tisa alasiri sebule ni tanuri. Ndio maana kila jioni alikuwa anakaa nje mpaka saa nne usiku. Mimi kwa miaka nilidhani ananikimbia.

Moshi na joto haviponywi na taa za buluu. Hapa pwani tuna kusi, inayovuma kutoka kusini-mashariki takriban Aprili hadi Septemba, na kaskazi, inayotoka kaskazini-mashariki takriban Novemba hadi Machi. Chumba chenye madirisha mawili yanayoelekeana hupitisha upepo huo. Chenye dirisha upande mmoja tu, hata ulifungue kutwa, hewa huganda. Waliojenga Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa walilijua hilo: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, daka mlangoni la kukaa kivulini, na nyumba nyingi za Lamu zina kiwanda cha ndani kisicho na paa, cha kuingiza mwanga na hewa. Leo watu husafiri kutoka mbali kuja kuziona, na Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Waliozijenga walianza na jua na upepo. Sisi tulianza na simu.

Kwa hivyo la kwanza: kabla ya picha, andikeni kero. Kila mtu zake, kwenye karatasi yake, kisha mbadilishane. Mara nyingi kero ni rahisi kutibu kuliko picha kuinunua.

Jinsi tundu lilivyopatikana

Mwaka juzi nilimtafuta fundi mwenyewe. Nilimtumia malipo ya kwanza, Sh25,000, kwenye namba yake, bila karatasi yoyote. Akaja na nyundo. Alipopiga kama mara ishirini, vumbi likaanza kumwagika kutoka juu, kwenye mbao za paa. Akasimama.

"Mama, huu ukuta umebeba paa."

"Sasa?"

"Sasa lazima tumwage linta. Vyuma, kokoto, simiti. Itabidi uongeze."

Aliweka vigogo viwili vya kushikilia paa, akasema nikiwa tayari nimpigie. Sikuwa tayari. Na kusema kweli, fundi yule hakuniibia. Alinitajia bei ya kubomoa na akabomoa. Mimi ndiye sikuuliza ukuta unafanya kazi gani pale ulipo.

Hili nalisema kwa msisitizo: ukuta si pazia. Kabla ya kugusa ukuta wowote, mlipe mtu aliyesomea kazi hiyo aje aangalie. Mabadiliko ya jengo huhitaji idhini ya kaunti, kwa hivyo pitia ofisi zao za mipango uulize. Mwanakandarasi naye anatakiwa awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Ada ya ushauri unaweza kuiona ni hasara. Mimi nimeshaona hasara yenyewe inavyofanana, imefunikwa leso mbili.

Jioni ya SMS

Tundu lilipofikisha miezi saba, mume wangu alisema tumalize. Mimi nikasema tumalize na nini? Yeye akasema si tumetumia kidogo tu, elfu sitini hivi. Mimi nilikuwa na hesabu yangu kichwani: elfu themanini. Tukaanza kubishana nani anajua. Mwisho akaleta daftari la mtoto, akasema, "Haya, toa simu. Mimi natoa yangu. Tusomeane."

Tulikaa mezani tangu baada ya isha mpaka karibu usiku wa manane. Kila ujumbe wa malipo uliohusu mjengo ulisomwa kwa sauti: tarehe, kiasi, aliyepokea. Yeye anasoma, mimi naandika, kisha tunabadilishana. Ujumbe mwingine tulikuwa tumeufuta, tukachukua taarifa ya miamala ya miezi ile. Taarifa haifutiki kama SMS.

Simu yangu ilikuwa imetoa Sh58,300. Yake Sh71,200. Jumla Sh129,500.

Tuliitazama ile namba kimya. Kwa Sh129,500, tulichokuwa nacho ni tundu, vipande kumi na viwili vya jipsamu vilivyoegemea ukuta wa chumbani, na maboksi ya vigae chini ya kitanda. Na katika pesa hizo, Sh17,400 zilikwenda kwa vitu ambavyo hakuna kati yetu aliyevikumbuka: mia tatu ya boda, mia tano ya chakula cha fundi, elfu moja ya misumari, mia mbili ya kubeba mchanga. Kila mara kidogo, na kila kutuma kuna ada yake.

Lakini hizo si ndizo zilizouma. Zilizouma ni mbili.

"Hii elfu kumi na nane uliyomtumia wa simiti, uliitoa wapi?"

"Nilikopa kwenye simu."

"Lini?"

"Ile wiki ya vumbi."

Akanyamaza. Nikasubiri ghadhabu. Badala yake aliigeuza simu yake nione. Elfu thelathini za jipsamu alizitoa kwenye akiba ya karo. Alitegemea kuzirudisha mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ukaja na mambo yake. Ndipo nikaelewa kwa nini Januari ile mwanetu alirudi shule wiki ya pili, wenzake wakiwa washaanza. Mimi niliambiwa mshahara umechelewa.

Hatukugombana usiku ule. Nadhani tulikuwa tumechoka, na pia hakuna aliyekuwa na pa kusimama amnyooshee mwenzake kidole. Kila mmoja alikuwa amemficha mwenzake jambo ili ajenge nyumba ya wote wawili. Ukiifikiria vizuri, inachekesha. Siku ile haikuchekesha.

Ndio maana nasema someaneni SMS kabla ya kubomoa. Si kwa kupelelezana. Kumbukumbu ya mtu humpendelea mwenyewe. Ujumbe wa malipo haumjui baba wala mama.

Unga hurudi jioni, ukuta haurudi

Sitaki nieleweke vibaya kuhusu mkopo wa simu. Mimi nautumia na umenifaa. Asubuhi nikikosa unga na mafuta, nakopa, nauza, jioni nalipa. Ile pesa imezaa kabla ya kurudi. Hiyo ndiyo kazi ya mkopo wa muda mfupi: mzigo unaouzika haraka.

Ukuta hauuziki. Ukikopa kwa siku thelathini ukamwaga linta, siku ya thelathini linta haitakupa hata shilingi. Utalipa kwa pesa ya unga. Mimi nililipa kwa pesa ya unga, na siku mbili nzima sikuwa na cha kuuza. Kisha nikakopa tena ili nirudi sokoni. Kwa hivyo deni la ukuta lilikula mtaji uliokuwa unalisha nyumba.

Kama ni lazima mkope kwa ajili ya nyumba, tafuteni mkopo unaolipwa kidogo kidogo kwa miezi mingi, kwa mfano wa chama cha akiba na mikopo mlichojiunga nacho, na mkubaliane wote wawili kabla ya kutia sahihi. Ulizeni jumla mtakayorudisha. Wengi wetu huuliza marejesho ya mwezi tu. Na mkopeshaji wa mtandaoni asiye na leseni ya Benki Kuu, muepuke, hata kama anatoa pesa kwa dakika moja. Kanuni za wakopeshaji hao zipo tangu 2022, na zilitungwa ili kumlinda mkopaji.

Hatua moja, mfuko mmoja

Asubuhi iliyofuata tulichukua zile karatasi za kero. Tulikata kazi yote katika hatua tatu, na kila hatua tukaitafutia bei kwa mafundi wawili na maduka mawili.

Ya kwanza, usalama: mtaalamu wa kuangalia ukuta, linta, na kuziba paa lilipokuwa likivuja. Sh52,000. Ya pili, jiko la nje: kibanda cha mabati nyuma ya nyumba kilicho wazi pande mbili, na meza ya zege iliyopimwa kwa urefu wa kiuno changu. Sh38,000. Ya tatu, joto: madirisha mawili ya sebule yanayoelekeana, na dari ya kawaida yenye matundu ya hewa. Sh46,000. Jumla Sh136,000.

Ukiangalia, hiyo inakaribia sana pesa tuliyokuwa tumeshaitumia kununua tundu. Hilo nalo liliuma.

Kisha tukatazama pesa zinavyoingia, kwa sababu haziingii kwa mwendo mmoja. Zangu huja kila siku, kidogo kidogo. Zake huja mara moja kwa mwezi. Tungesema kila mtu atoe elfu tisa mwisho wa mwezi, mimi ningeshindwa, maana kufikia tarehe hiyo ya kwangu imeshakuwa mafuta na nauli. Kwa hivyo mimi nikawa naweka Sh400 kila siku ya kazi, siku sita kwa wiki, jioni ileile kabla sijafunga hesabu. Wiki nne ni Sh9,600. Yeye anaweka Sh9,000 mshahara ukiingia, kabla ya kulipa kitu kingine. Pamoja Sh18,600 kwa mwezi wa wiki nne. Miezi minane ni Sh148,800, yaani kazi yote inalipika na Sh12,800 zinabaki za dharura.

Pesa hizi hazikai kwenye salio la kawaida. Salio la kawaida ni meza ya barazani, kila apitaye huchukua. Kama huduma yako ya simu ina sehemu ya akiba unayoweza kuipa jina na kuifunga hadi tarehe fulani, itumie. Yetu tuliipa jina "Linta." Ukitaka kutoa mia tano ya vocha, uone kwanza neno hilo, unarudi nyuma.

Na sharti kuu: hatua haianzi mpaka pesa yake yote ipo, pamoja na nyongeza ya moja ya kumi kwa yasiyotarajiwa. Kwa hatua ya kwanza ilikuwa Sh57,200. Miezi mitatu haikufika kabisa, tukaanza wa nne. Leso zilikaa muda huo wote. Lakini sasa zilikuwa leso za watu wanaojua zitashuka lini.

Fundi alipwe kwa kazi iliyoonekana

Tulibadilisha pia jinsi ya kulipa. Vifaa tulilipa dukani wenyewe, kwa namba ya till ya duka, mzigo ukapakiwa tukiwepo. Ule mtindo wa kumtumia fundi pesa za vifaa kwenye namba yake huchanganya mambo: hujui ipi ni ya simiti na ipi ni ya jasho lake, na yeye pia hajui. Orodha ya wiki tulinunua kwa mara moja, tukapunguza zile safari za misumari na ada zake.

Ufundi wa hatua ya kwanza ulikuwa Sh20,000. Tuliandika karatasi fupi: kazi, bei, tarehe, majina, sahihi. Sh6,000 akianza, Sh8,000 zege likishamwagwa na sisi wawili tumeliona, Sh6,000 akimaliza kila kitu na kusafisha. Kila alipopokea, aliandika namba ya muamala nyuma ya karatasi. Hapakuwa na siku ya kuulizana ulinipa ngapi.

Hapa nina neno kwa sisi wateja. Karatasi hiyo inatufunga na sisi. Fundi naye ana watoto wanaongoja unga. Kazi ikiisha na ni nzuri, tuma pesa jioni hiyohiyo. Usimzungushe wiki mbili kwa sababu tu fungu la mwisho liko kwako. Mafundi wengi wanadai malipo makubwa mwanzoni kwa sababu waliwahi kudhulumiwa mwishoni.

Na siku fundi akikutumia ujumbe kwamba simu yake imeharibika, tuma kwa namba hii nyingine, usitume. Mpigie au mngoje aje kazini. Jina linapotokea kwenye skrini, lisome. Si pambo lile. Ukiona jina usilolijua, simamisha hapohapo, maana kurudisha pesa iliyokwenda kwa mwingine ni safari ndefu na haina uhakika.

PIN ni yako, hesabu ni yenu

Kuna watakaosema ndoa ambayo mke na mume hawajuani PIN si ndoa. Mimi sikubali. Mume wangu haijui yangu na mimi siijui yake, na tuko sawa. PIN ni kama sahihi, mtu hamwazimi mwenzake mkono. Pesa ikipotea na PIN inajulikana na wawili, kitakachofuata ni kushukiana, na ukaingia gharama kubwa kuliko pesa yenyewe.

Tunachogawana ni hesabu. Kila Ijumaa baada ya chakula, dakika kumi: mimi nasoma kilichotoka kwa ajili ya nyumba, naye anasoma. Daftari ni lilelile la mtoto. Mambo yangu mengine ni yangu. Nikimtumia dada yangu elfu moja sihojiwi, naye akinunua kahawa ya wenzake barazani simhoji.

Ukiwa na mwenzako asiyetaka kuonesha simu, usianze kwa kudai simu. Anza kwa kusoma zako. Nimeona watu wakiona aibu kuficha mbele ya mtu aliyejifungua kwanza.

"Lakini bei zinapanda"

Hili ndilo jibu ninalolipata nikiwaambia majirani wasubiri pesa zitimie. Ati ukingoja, simiti inapanda. Ni kweli, vifaa hupanda bei, na huo si uongo wa wenye maduka. Ila kuanza bila pesa hakuzuii bei kupanda. Kunakufanya usimame katikati, na zikipanda uwe bado huna paa.

Ukiogopa bei, nunua mapema visivyoharibika: mabati, vigae, vyuma ukiweza kuvikinga na chumvi ya hewa ya huku kwetu. Usinunue simiti ya miezi minne ijayo. Hunyonya unyevu ikaganda ndani ya mfuko. Jipsamu hivyohivyo: katika vipande vyetu kumi na viwili, vitano vilikuwa vimefura na kuota ukungu kabla havijaona dari. Kabati za mbao za kubana, zile za MDF, usizipeleke mahali penye maji maji. Zikinyonya maji hufura, na kuzirudisha haiwezekani.

Pia kuna maduka yanayokubali uweke pesa kidogo kidogo mpaka bei itimie. Ni njia nzuri kama duka unalijua na kila malipo yana risiti yenye jina la bidhaa na bei mliyokubaliana. Bila hivyo, akiba yako ni salama zaidi ikikaa kwako.

Tundu sasa

Hatua zote tatu zimekwisha. Zilichukua miezi tisa, si minane, kwa sababu mwezi mmoja mavyaa wangu aliugua na tukachota kwenye dharura. Tulichota tukijua tunachota, tukaandika.

Lile tundu hatukuliziba. Fundi alishamwaga linta, na siku hiyo mume wangu alisimama akalitazama, akasema, "Tuache nusu." Sehemu ya chini tukaijenga, ya juu ikabaki wazi na kibao kipana cha kuwekea sahani. Napitisha chai kutoka jikoni, yeye anaipokea sebuleni. Hakuna picha mtandaoni iliyotuonesha hivyo. Kwetu inafaa.

Karai yangu iko nyuma, kwenye kibanda, moshi unakwenda zake na upepo. Kusi ikivuma inaingia dirisha moja na kutokea jingine. Vipande saba vya jipsamu vilivyopona tulivitumia chumbani kwa watoto, bila taa za buluu. Na mume wangu siku hizi jioni anakaa ndani.

Kama na nyinyi mna picha mbili kwenye simu mbili, msizifute. Ila usiku wa leo, mkishakula, toeni daftari. Andikeni kero. Kisha kila mmoja afungue ujumbe wake wa malipo wa miezi mitatu iliyopita, na mmoja wenu aanze kusoma.